Umeme Umekatika

Muzee Kataliko hakuwahi kumkataa Byiringiro, kijana aliyemtaka binti yake. Hilo lisemwe kwanza, maana pale Majengo, mtaa wao wa Goma, kuna watu waliotangaza kwamba alimkataa, nao walimsingizia. Muzee alikuwa mtu wa adabu. Alifanya kazi ya ukarani tangu Bukavu mpaka Goma, na karani wa kweli hamkatai mtu. Anamwambia arudi kesho.

Kwanza ilikuwa Ebola. "Batu habapeane tena mikono," muzee alimwambia binti yake Nshobole. "Sasa bakwe batasalimiana je? Na viwiko?" Nshobole akangoja. Ebola ikaisha, ikaja Corona, makanisa yakafungwa, na muzee akauliza kama familia ya watu inaweza kubisha hodi kuomba binti wakati hata Yesu amefungiwa ndani. Nshobole akangoja. Corona ikalegea, ikaja état de siège, wanajeshi wakakabidhiwa jimbo zima, na muzee akasema si vizuri kusumbua wageni watoke Kiwanja, kwa kina Byiringiro, wakati barabara imejaa wanaume wenye bunduki na kila mmoja ana swali.

Kungoja ndiyo kazi Nshobole aliyoijua kuliko zote. Alimaliza darasa la sita mwaka ule waasi walipoingia Goma, akaambiwa angoje kidogo mambo yatulie ndipo aanze sekondari. Alingoja. Sekondari nayo ikamngoja, mpaka wote wawili wakachoka.

Sababu yenyewe haikusemwa mu nyumba ile. Byiringiro alikuwa mtu wa Kiwanja, kule Rutshuru, na kwao walisema Kinyarwanda. Watu wa muzee walitoka upande wa Bukavu. Kila uasi ulipofumuka, ukisemwa umetoka Rwanda, watu wa mjini walianza kusikiliza jirani zao wa lugha hiyo na sikio lingine, na muzee hakuwapenda watu wenye sikio la namna hiyo. Alisema wazi, hata mbele ya padri. Akishasema hivyo, alisogeza mbele mambo ya wageni.

Ndipo mashini ikaugua.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, kisanduku kizito na ekrani yake, na ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Kwa mashini hiyo muzee aliandika matangazo ya vifo ya shirika lao pale parokia, na hakuna aliyeandika kifo vizuri kama yeye. Maneno yalikuwa yale yale siku zote, kilichobadilika ni jina la marehemu, lakini alijua kuuweka msalaba katikati ya ukurasa hata wafiwa wakapata faraja. Ila wafiwa walileta picha kwenye flashi, na flashi za Goma hulala katika mashini nyingi kabla ya kufika kwako. Asubuhi moja muzee akakuta kila dosye yake ya matangazo imegeuka kamshale kadogo kasikofunguka. Mama mmoja wa shirika akazikwa bila tangazo. Nusu ya watu walikosa mazishi, na nusu iliyofika ilifika ikiwa imevaa nguo za sokoni.

"Kuna mutu naweza kuita," Nshobole alisema. "Anatengeneza masimu na mamashini pale Birere."

"Anaitwa nani?"

"Byiringiro."

Muzee akaangalia mashini, akaangalia ukuta, akaangalia tena mashini.

"Akuye," alisema. "Akuye kama mutu wa mashini."

Aje, lakini kama mutu wa mashini tu: hiyo haikuwa lugha ya bure. Kwa sheria ya muzee, kijana ambaye wazazi wake hawajabisha hodi hajulikani mu nyumba. Hana kiti, hana salamu, na hawezi kusema "papa". Lakini mutu wa mashini hana wazazi. Anaingia, anatengeneza, anapewa chai. Mukwe ndiye hupewa nyama.

"Na mashini ikipona?" Nshobole aliuliza.

"Mashini ikipona, tutazungumuza mambo ya wageni. Mutu hapokee wageni na mashini iko nagonjwa."

Haikuwa tarehe, lakini Nshobole hakuwahi kupata kitu kilichokaribia tarehe kuliko hicho. Alikishika na mikono miwili.

Jumamosi Byiringiro alifika, shati limepigwa pasi kupita kiasi kwa fundi. Alipewa kiti kidogo cha jikoni, akakiweka nyuma ya kiti cha muzee, maana kumwondoa muzee mbele ya mashini yake hakukuwa jambo la kuwaza. Kwa hiyo fundi alikaa nyuma, na mgonjwa alishikwa na mwenyewe.

Byiringiro alieleza kwa sauti ya chini. Sisteme iliyokuwamo ilinakiliwa kwa CD ya mtu wa Birere ambaye naye aliinakili kwa mtu, na ilikuwa imekwisha oza. Afadhali kuitoa na kuweka nyingine, Linux. Ni ya bure, virusi za zile flashi hazina mazoea nayo, na haichagui mashini mpya. Ziko aina nyingi, na yeye amechagua tatu za mtu anayeanza, kila moja kwenye flashi yake.

"Tunajaribu mbele ya kuweka," alisema. "Inatembea juu ya flashi tu. Ukishachomoa, mashini iko vile ilikuwa."

Shangazi Joviale, dada wa muzee, ndiye aliyemlea Nshobole tangu mama yake alipofariki, na mdomo wake haukuwa na mlinzi. Akaweka chini kisu cha viazi.

"Weee! Kumbe kuna namna ya vile? Wakati yangu bangeniletea mwanaume ku flashi, nisingelia vile nililia."

"Joviale," alisema muzee.

"Minanyamaza."

Flashi ya kwanza ikaingia, na Ubuntu ikafunguka vizuri, rangi ya machungwa na zambarau. Muzee aliitazama kwa muda.

"Jina hii ni ya kwenu?"

"Hapana, muzee. Njo vile iliitwa na batu ya Afrika ya Kusini."

"Miye minaisikia kama ya Rutshuru." Akakohoa kidogo. "Si mbaya. Sisemi ni mbaya. Lakini batu batasema."

Byiringiro akachomoa flashi ya kwanza. Ya pili ilikuwa na mapambo mengi, na mashini ya muzee ikahangaika nayo. Joviale alimaliza sufuria nzima ya viazi na mapambo bado yanakuja. Ya tatu ikaitwa Mint, na ilikuwa na kajani ka kijani. Muzee akasogeza mkono bila kuelekezwa, akabonyeza pembeni chini kushoto, na menyu ikafunguka pale pale ilipokuwa ikifungukia miaka yote.

"Hii iko na adabu," muzee alisema. "Inaweka vitu mahali ilivikuta. Nani aliifanya?"

"Batu mingi, muzee."

"Batu mingi njo nani? Kitu ya batu mingi haina baba."

"Iko na baba, muzee. Hata mutu anaweza fungua na kuangalia ndani namna ilifanywa. Haifiche kitu."

"Haifiche kitu, na ni ya bure." Muzee akageuka kidogo, ya kutosha kuona goti la Byiringiro. "Miye nilifanya kazi ya biro. Kitu ya bure njo mutu anauliza sana. Inatoka wapi? Kesho ikikuwa na shida, nitaenda kulia kwa nani?"

"Kwa miye, muzee."

"Na weye ukirudi kwenu?"

"Siko narudi. Niko hapa."

Nshobole alikuwa akichambua maharage mlangoni mwa jikoni. Mkono wake ukasimama. Aliona kwamba kwa muda sasa hakuna mtu mu nyumba ile anayesema juu ya kompyuta, na kwamba baba yake, ambaye kwa miaka miwili hakumuuliza kijana yule swali hata moja, alikuwa ameuliza yote kwa mara moja na kwa adabu kamili, akiyapeleka kwa kajani ka kijani.

"Inakula sana?" muzee akaendelea.

"Kidogo tu. Inavumilia mashini yenye imezeeka."

"Nani amezeeka?"

"Mashini, muzee."

"Ah."

Akachukua chai yake. "Tutaweka hii ya jani. Jumamosi ingine. Leo nataka kulala juu yake."

Jumamosi hiyo nyingine ilikuwa ya mwezi wa tano, mwaka 2021, na watu wa Goma hawana haja ya kuelezwa zaidi. Ila jioni ilipoanza hakuna aliyejua. Byiringiro alikuwa amekwisha kuokoa matangazo ya vifo na kuyaweka pembeni. Muzee alijibu maswali ya mashini moja moja, kwa sauti, kama mtu aliye mbele ya hakimu: lugha, Kifaransa, jina, Kataliko, neno la siri, na hapo kila mtu aliombwa kuangalia pembeni. Kisha ikaja ramani ya dunia nzima, na swali: uko wapi?

Muzee aliinama akatafuta ziwa. Alilipata, akatafuta ncha yake ya kaskazini, akaweka kamshale juu ya Goma yenyewe, polepole, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto mchanga. Akabonyeza.

Mashini ikaandika: Kigali.

Muzee akaisoma mara mbili.

"Nani ameniweka ku Kigali?" muzee aliuliza.

"Hakuna mutu, muzee. Inatafuta saa. Inashika muji mukubwa wa karibu wenye inajua, basi..."

"Miye nimebonyeza Goma. Macho yangu iko."

"Ni saa tu, muzee. Saa ni moja, huku na kule."

"Saa!" Muzee aliondoa mkono wake kwenye kipanya kama kimechemka. "Njo vile inaanzaka. Leo ni saa. Kesho ni nini?" Akageuka, na safari hii hakuishia kwenye goti. "Unaona ju ya nini miye nauliza kitu inatoka wapi?"

Mutu wa mashini angeweza kujibu, hata kucheka. Mukwe hawezi. Byiringiro alikuwa kati ya hivyo viwili. Akanyoosha mkono kupita bega la muzee, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu, akaandika Lubumbashi.

"Lubumbashi ni mbali," muzee alisema, sauti imeshuka. "Sijafika. Lakini ni Congo, ni kwetu."

Ukanda mwembamba ukatokea kwenye ekrani ukaanza kujaa kutoka kushoto, na juu yake maneno yakisema kazi inaendelea, mashini isizimwe. Nshobole aliutazama ukanda ule akahisi kama maisha yake yamewekwa hapo, na kwamba yanasogea kwa kasi ya konokono, na kwamba baba yake amekwisha kupata sababu nyingine.

Nje mtu akapiga kelele. Kisha wengi. Joviale alitoka akarudi mbio, na uso wake ulikuwa mwekundu, na ukuta wa nyuma yake pia, na mawingu yote.

"Mulima Nyiragongo imepasuka! Moto iko nakuya! Kataliko, simama!"

Watu wa Goma wanajua kukimbia. Joviale alikuwa amekwisha funga godoro, Nshobole sufuria na nguo ndani ya kitenge, na barabara mbele ya nyumba imejaa vichwa vilivyobeba televisheni, mbuzi mikononi, watoto migongoni. Sebuleni wanaume wawili walikuwa bado wamekaa, wanaangalia ukanda.

"Mutu wa mashini anaweza kwenda," muzee alisema bila kugeuka. "Wazazi wako batakutafuta."

"Siwezi kuacha mashini ya muzee mu katikati."

"Basi miye siwezi kuacha mutu mu nyumba yangu peke yake."

"Muzee asimame kwanza, nitafuata."

"Weye njo mugeni. Mugeni anatoka mbele."

"Hapana, muzee. Hatuwezi kutoka mbele ya muzee."

Nao wakabaki. Nshobole alielewa, akiwa amesimama na kitenge kichwani, kwamba hawatatoka. Baba yake hangeonyesha woga mbele ya kijana wa Kiwanja, na kijana wa Kiwanja hangesimama kabla ya baba yake, hata lava ingefika ikabisha hodi. Wote wawili wangekufa na adabu yao, na tangazo lisingekuwa na mtu wa kuliandika. Ukanda ulikuwa umefika katikati.

Akaweka kitenge chini, akaenda ukutani, akachomoa waya.

Ekrani ikafa.

"Nini?" muzee akaruka. "Nani amezima?"

"Umeme umekatika, papa," alisema Nshobole.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao. Waya ulikuwa mkononi mwake. Muzee aliangalia taa. Byiringiro aliangalia taa. Kisha wakaangaliana, kwa mara ya kwanza, uso kwa uso.

"Eh," alisema muzee. "Umeme umekatika."

"Umekatika kabisa, muzee," alisema Byiringiro.

Wakasimama pamoja, hakuna aliyetangulia.

Mashini haikubaki. Watu wa Goma wanakimbia na kitu kinachoonekana, na muzee alisema mutu wa mashini ndiye anayebeba mashini, kwa hiyo Byiringiro akaweka kisanduku begani, kimefungwa ndani ya kitambaa chake cha kufuma. Ekrani ilichukuliwa na Nshobole. Muzee akatangaza kwamba wanaenda Sake, ndani ya Congo. Aliendelea kutangaza hivyo njia nzima akielekea mpakani, maana watu walikuwa mto, mto ulikuwa unashuka upande ule, na hakuna aliyemuuliza. Mpaka ulikuwa wazi. Na hivyo mashini iliyokataa kuandikwa Kigali ikaingia Rwanda nzima nzima, juu ya bega, bila swali lolote.

Kulipokucha walikuwa mu lupango, uani kwa mama mmoja wa Gisenyi, Nyiramahirwe, ambaye alifungulia watu geti bila kuwahesabu. Alipita akigawa uji kwa vikombe vya plastiki. Alipofika kwa Byiringiro akaona kisanduku ndani ya kitambaa, akauliza kwa Kinyarwanda ni cha nani.

Byiringiro hakuwa amelala. Labda ndiyo sababu ulimi wake uliteleza. Alionyesha muzee na kidevu, akasema ni cha databukwe, baba mkwe wake.

Neno hilo halihitaji mkalimani kwa mtu yeyote aliyezaa binti. Muzee alilisikia. Alifungua mdomo wake kusahihisha, lakini Nyiramahirwe alikuwa amekwisha geuka. Akarudi na kiti chenye mgongo, akampisha muzee akae. Kisha akaleta uji wa mtama kwenye bakuli la udongo lenye kifuniko, akapiga goti kidogo, akampa na mikono miwili, kama anavyopewa baba wa bibi arusi.

Muzee alilishika bakuli. Kukataa chakula cha mtu aliyekufungulia geti wakati mlima wako unawaka, hilo halikuwamo katika adabu yoyote aliyofundishwa. Kukipokea, kwa jina lile, mbele ya dada yake shahidi, ilikuwa jambo lingine. Mvuke ukampanda usoni.

Akanywa.

"Kunywa pole pole," alisema Joviale. "Hiyo uji iko na bakwe ndani."

"Ni uji ya volcan," muzee alijibu. "Uji ya volcan haihesabiwe."

Lakini alimaliza bakuli.

Moto ulisimama kabla ya kufika kwao. Walirudi wakakuta nyumba iko, na taa ya sebuleni bado inawaka. Kisha ardhi ikatetemeka siku baada ya siku mpaka ikaamriwa mji uhame, wakakimbia tena, na safari hii muzee alipata Sake yake. Mvua iliwanyeshea huko, na hakuna aliyemletea kiti. Byiringiro alibeba mashini kwenda na kurudi. Begani pakatoka alama.

Muzee ndiye aliyesema iwekwe haraka. Walikuwapo marehemu wa kuandika. Flashi ya jani ikaingia tena, maswali yakaja tena, na ramani. Muzee akakitazama kipanya.

"Bonyeza weye," alisema.

"Muzee?"

"Bonyeza weye. Macho yangu imechoka."

Byiringiro akabonyeza Goma, na mashini ikaandika Kigali, kama mtu asiyejifunza. Nshobole, aliyekuwa karibu na ukuta, akashusha pumzi polepole. Muzee aliitazama Kigali ile, na mtu angeweza kufikiri kwamba anakumbuka bakuli la uji.

"Lubumbashi," alisema. "Tusipoteze wakati."

Hakubadilika, muzee. Lakini ukanda ulipojaa mpaka mwisho, na kajani kakaamka kenyewe ndani ya mashini, bila flashi, alimwambia Joviale aongeze sahani moja. Juu ya sahani kulikuwa na nyama. Byiringiro aliikula amekaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, maana kiti hakikuwa kimezungumzwa bado.

Tarehe ikatolewa. Muzee aliisogeza mara moja, kwa mazoea, na mara nyingine kwa sababu ya mazishi ya kweli, lakini katika mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata iliandikwa kwa mashini, na msalaba katikati ya ukurasa kwa sababu hakujua namna nyingine: familia ya Nsengimana wa Kiwanja, baba yake Byiringiro, ingepokelewa mwezi wa kumi na moja. Joviale akanunua vitambaa. Nshobole alikuwa akiamka kila asubuhi na kusikiliza kama kuna habari ya vita.

Mwezi wa kumi haujaisha, waasi wakachukua Kiwanja. Barabara ikakatika Rumangabo, na wazazi wa Byiringiro wakabaki upande wa pili.

Muzee alikasirika namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alitembea sebuleni akigonga meza na kila kiti. Miaka yote alikuwa akisema hakuna usalama, na watu wakamwona mwongo. Leo anataka usalama, siku moja tu, saa chache, na vita vimemchukulia hata sababu yake!

"Si ni weye ulikuwa unasema hata bakwe na viwiko?" Joviale alisema. "Basi sasa hata viwiko hakuna."

"Nyamaza."

"Minanyamaza."

Byiringiro ndiye aliyekuja na kakamera kutoka Birere. Alikachomeka. Muzee akauliza itachukua muda gani kukaweka, na Byiringiro akasema haina kazi, sisteme inakajua. Na kweli, uso wa muzee ukatokea kwenye ekrani, mkubwa na umeshangaa. Kule Kiwanja mtandao ulikuja na kwenda kama mgonjwa wa malaria. Siku ya Jumapili mchana, Joviale amevaa kitambaa kipya, na majirani wa shirika wamepanga viti kuzunguka mashini kama kuzunguka moto, mtandao ulikuja ukakaa.

Ekrani ikaonyesha muzee mwenye kofia, mama mwenye kilemba, na ukuta wa mbao. Walikuwa Nsengimana na mke wake. Muzee Nsengimana hakusalimia. Alijua sheria: mgeni hasalimii kabla ya kufunguliwa. Akanyoosha mkono na kugonga meza yake kule Kiwanja, mara tatu.

"Hodi kwa Kataliko."

Muzee Kataliko akasimama, akanyoosha koti lake, akaenda mlangoni akaufungua. Nje kulikuwa na mawe meusi ya barabara, kuku wawili, na jirani anayepita na jerikani, ambaye alisimama akashangaa.

"Karibuni," muzee aliwaambia kuku. "Karibuni kwetu."

Hakuna aliyecheka. Hata Joviale alisubiri. Muzee akaacha mlango wazi, akarudi, akakaa. Byiringiro alikuwa amesimama nyuma, maana hakuwa ameambiwa akae.

"Wageni wetu," muzee alianza, na sauti yake ikawa ile ya biro. "Tumefurahi. Lakini mbele ya yote, mutu anapenda kujua. Batu yenu, hasa hasa, banatokea..."

Akasimama hapo. Pembeni ya ekrani, ambako kamera haikufika, Nshobole alikuwa ametoka kwenye kiti chake kama binti anayekwenda kuangalia chai. Alikuwa amefika ukutani, na mkono wake ulikuwa umekaa juu ya waya, kwa utulivu, kama unavyokaa juu ya bega la mtoto.

Muzee aliangalia waya. Aliangalia taa iliyokuwa inawaka juu yake.

Akakohoa.

"...banatokea ku shamba wakati hii, ao banapumzika? Mvua iko nanyesha kule?"

"Ilinyesha jana," alisema muzee Nsengimana kutoka Kiwanja. "Maharage imefurahi."

"Aksanti Mungu. Na huku vilevile." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Byiringiro, unasimama kama mupita njia. Vuta kiti. Kile kikubwa. Na weye, Nshobole, ondoka pale. Leo umeme hautakatika."